Mota mwisho wa kebo ndefu: riakta, filta ya dV/dt, filta ya saini au kifyonzaji cha RC?

Ukifungua mota iliyouawa na kebo ndefu, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni jinsi ilivyo safi. Koili zinang'aa vanishi, beringi zinazunguka kimya, hakuna ile harufu ya mota iliyozidiwa na mzigo. Halafu unakiona: kwenye koili ya kwanza ya fezi moja, pale waya unapoingia kutoka kwenye tamino, kuna kidoa cheusi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Waya mbili jirani zimegusana na shaba imeyeyuka tone moja, basi. Fundi anaisuka upya, inarudi kazini, na baada ya miezi michache iko tena mezani kwake na kidoa kilekile mahali palepale. Mwenye mota anamlaumu fundi, fundi anailaumu waya aliyouziwa. Mara nyingi wanaoneana bure.

Wa kulaumiwa yuko kwenye paneli, pengine mita mia moja kutoka hapo. Inverta, au VFD kama wengi tunavyoiita, ndicho kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, na haitoi umeme laini kama wa gridi. Inachukua umeme wa DC ilioutengeneza yenyewe, volti 540 hadi 565 kwenye mfumo wa volti 400, na kuukatakata kuwa mapigo, maelfu kwa sekunde. Transista za IGBT za siku hizi, zile swichi za kielektroniki zinazokata umeme huo, huipandisha volteji hiyo kutoka sifuri hadi juu ndani ya maikrosekunde 0.1 hivi, na zile za silikoni kabidi zina haraka kuliko hapo. Pigo likiwa kali namna hiyo, kebo inageuka mfereji: pigo linasafiri ndani yake kama wimbi, mita 150 hadi 200 kwa kila maikrosekunde.

Wimbi la bahari likipiga ukuta wa gati, maji pale ukutani hupanda karibu mara mbili ya kimo lilichokuja nacho, kisha wimbi linarudi lilikotoka. Ukuta wetu ni mota. Kebo ina ukinzani wa wimbi wa ohmu 50 hadi 100 hivi, mota ndogo ina ohmu elfu moja na zaidi. Chukua kebo ya ohmu 80 na mota ya ohmu 1,500. Tofauti yake ni 1,420, jumla yake ni 1,580, gawanya unapata 0.9. Maana yake asilimia 90 ya wimbi inaakisiwa na kujilundika juu ya lile linalokuja. Volti 540 zilizotoka kwenye paneli zinakuwa 1,026 kwenye tamino za mota. Mota kubwa zina ukinzani mdogo zaidi wa wimbi, hivyo kwao mrundikano hupungua kidogo, lakini hazijasalimika.

Kebo ndefu ni mita ngapi?

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Zidisha kasi ya wimbi kwa muda ambao volteji inapanda, gawanya kwa mbili. Kwa mita 150 kwa maikrosekunde na muda wa maikrosekunde 0.1, jibu ni mita 7.5. Ndiyo, mita saba na nusu. Kuanzia hapo mruko kwenye mota unaweza kufikia ukubwa wake kamili, na kuurefusha waya hadi mita 20 au 30 hakuongezi sana kilele cha pigo moja. Kinachoongezeka ni muda wa mtikisiko: wimbi linakwenda na kurudi mara kadhaa kabla ya kutulia, na pigo linalofuata likilikuta bado linacheza, kilele kinaweza kuvuka mara mbili ya volteji ya DC.

Rudia hesabu hiyo kwa transista za zamani zilizopanda kwa maikrosekunde 2: unapata mita 150. Ndiyo maana kuna wazee wa kazi wanaoapa kwamba waliwahi kufunga inverta na kebo ya mita mia bila filta yoyote na mota ikadumu miaka. Wanasema kweli. Inverta yao haikuwa hii unayofunga leo, na mtu akibadilisha inverta ya zamani kwa mpya bila kugusa kebo wala mota, anaweza kuua mota ambayo ilikuwa inafanya kazi salama tangu ifungwe.

Kilele na ukali

Kabla ya kulinganisha vifaa, tenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. La kwanza ni kilele, yaani volti ngapi zinafika kwenye tamino. Kilele hushambulia kihami kati ya fezi na fezi, na kati ya fezi na mwili wa mota. La pili ni ukali, yaani volti zinapanda kwa haraka kiasi gani, tunaupima kwa volti kwa maikrosekunde; ndiyo hiyo dV/dt. Ukali hushambulia mzunguko na mzunguko ndani ya koili ya kwanza, kwa sababu pigo kali halipati muda wa kujigawa sawasawa kwenye koili zote. Sehemu kubwa ya volteji inaning'inia kwenye mizunguko michache ya mwanzo. Na kwenye mota ndogo waya husukwa kwa kujazwa bila mpangilio, kwa hiyo mzunguko wa kwanza unaweza kulala ubavuni mwa mzunguko wa mwisho wa koili hiyohiyo. Kile kidoa cheusi ndicho hicho.

Waya hauungui kwa pigo moja. Katikati ya waya kuna vijishimo vya hewa, na hewa kwenye mwanya mwembamba sana inaweza kuanza kutoa cheche kuanzia volti 330 hivi. Kila pigo linalovuka kiwango cha mota hiyo linatoa kacheche kasikoonekana, kanachokula enameli kidogo. Kwa masafa ya swichi, yaani mara ambazo inverta inakata umeme kwa sekunde, ya 4 kHz unapata mapigo milioni 345 kwa siku. Enameli ya kawaida haina ubavu wa kushindana na hesabu hiyo.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila kifaa ni hili: kinashusha kilele, au kinalaza ukali, au vyote viwili? Jedwali hili linachukulia mfumo wa volti 400.

| Kifaa | Kinafungwa wapi | Kilele kwenye mota | Ukali | Urefu wa kebo | Kinachokugharimu |
|---|---|---|---|---|---|
| Riakta ya 3% au 5% | Kwenye inverta | Kinashuka kidogo, wakati mwingine hakishuki | Unalala sana | Hadi mita 100 hivi | Volti chache, joto la wastani |
| Filta ya dV/dt | Kwenye inverta | Kwa kawaida chini ya 1,000 V | Kwa kawaida chini ya 500 V kwa maikrosekunde | Mita 150 hadi 300, soma bamba lake | Rezista za moto, kikomo cha masafa ya swichi |
| Filta ya saini | Kwenye inverta | Mruko karibu hakuna | Karibu hakuna | Mamia ya mita hadi kilomita | Bei, uzito, upotevu wa volteji, mipangilio |
| Kifyonzaji cha RC | Kwenye mota | Kinakaribia volteji ya DC | Unabaki | Ndefu, ndani ya kikomo cha joto lake | Joto na nafasi kwenye mota |
| Mota ya kazi ya inverta | – | Kinabaki | Unabaki | Hadi mota inapovumilia | Mota mpya |

Riakta: inasifiwa kwa kazi isiyo yake

Riakta ni koili tatu kwenye chuma kimoja, haina siri. Inauzwa kwa asilimia, yaani sehemu ya volteji inayobaki juu yake kwa mkondo kamili: ya 3% kwa mota ya volti 400 inayovuta ampea 60 ina takriban milihenri 0.37 kwa kila fezi. Ni rahisi, haiharibiki ovyo, na haina kapasita ya kuzeeka. Ukifunga inverta ndogo kwenye kebo ndefu na ikawa inatripu kwa mkondo mkubwa hata mota ikiwa haina mzigo, riakta inaweza kukutoa kwenye shida hiyo, kwa sababu inapunguza mkondo wa ghafla unaoijaza kebo kwa kila pigo. Hiyo ni kazi yake halali.

Tatizo ni ile sentensi ya dukani: "Weka riakta, itaondoa surge," yaani ule mruko wa volteji. Fanya hesabu mwenyewe. Kebo ya mita 150 yenye pikofaradi 300 kwa mita ina nanofaradi 45. Ukiiunganisha na milihenri 0.37 unapata saketi inayotikisika kwa 39 kHz hivi. Volteji sasa inapanda polepole, kwa maikrosekunde kumi na ushee badala ya 0.1, na hilo ni jambo jema sana kwa koili ya kwanza. Lakini saketi ya koili na kapasita isiyo na rezista ya kuituliza ina tabia ya kupitiliza, nayo hupitiliza kuelekea karibu mara mbili. Upotevu ndani ya chuma cha riakta na kwenye kebo huukata mpitilizo huo kiasi, ila usitegemee utauondoa. Nimewahi kuona kwenye osiloskopu kilele cha zaidi ya volti 900 kikiwa laini kama kilima, huku mwenye mtambo akiamini riakta yake imemaliza kila kitu. Mota ilikuwa nzuri, ikavumilia. Ingekuwa mota ya zamani iliyosukwa kwa waya wa kawaida, nisingelala.

Riakta ikifungwa karibu na mota badala ya karibu na inverta, inakinga koili ya kwanza dhidi ya ukali lakini wimbi linaakisiwa kwenye tamino za riakta yenyewe, na kebo inaendelea kupigwa. Sioni sababu ya kufanya hivyo isipokuwa paneli imejaa kabisa.

Na ile ya 5% si bora kuliko ya 3% kwa kila hali. Inakula volti zaidi, na mota ya mbali tayari imeshapoteza volti njiani.

Filta ya dV/dt: chaguo langu la kawaida

Hii ni riakta ndogo iliyoongezewa kapasita na rezista, na aina nyingine zina dayodi zinazourudisha mpitilizo kwenye DC ya inverta. Rezista ndiyo inayoleta tofauti yote: inameza nishati ambayo kwenye riakta tupu ingeendelea kutikisika. Inverta tupu hutoa ukali wa takriban volti 5,400 kwa maikrosekunde, yaani 540 kwa 0.1. Filta nzuri inaushusha chini ya 500, na kilele kinabaki chini ya volti 1,000. Hiyo 1,000 na 500 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndicho kipimo ambacho mota nyingi za kawaida za volti 400 zinaweza kuishi nacho.

Kwa mota iliyosukwa upya iliyo mita 50 hadi 200 kutoka kwenye paneli, kwa kawaida sitafuti zaidi. Haibadilishi jinsi inverta inavyoiona mota, hivyo udhibiti wa vekta, ambao huhitaji kuijua mota vizuri, unaendelea kufanya kazi, na upotevu wa volteji ni mdogo.

Kasoro zake ni za joto. Rezista zinaunguza nishati kwa kila pigo, kwa hiyo ukipandisha masafa ya swichi ili mota iache kulia, joto linapanda nayo. Vivyo hivyo ukirefusha kebo kupita kiwango kilichoandikwa kwenye bamba. Nimeona filta ya dV/dt iliyofungwa ndani ya paneli isiyo na feni, rezista zimebadilika rangi kuwa kahawia, kwa sababu mtu fulani alipandisha masafa kutoka 4 kHz hadi 12 kHz kwa ajili ya kelele. Hakuna aliyemwambia kwamba kelele na filta vimefungwa pamoja. Funga filta hii mahali penye hewa, na andika kwenye mlango wa paneli kwa kalamu ya wino usiofutika: masafa yasizidi hapa.

Filta ya saini: inamaliza tatizo, kisha inaleta mengine

Saini hapa si ya kalamu, ni ile ya hesabati. Filta hii ni koili kubwa na kapasita kubwa zinazopitisha 50 Hz na kuzuia mapigo. Mpaka wake, yaani masafa ambayo juu yake inaanza kuzuia, hupangwa katikati: juu ya mara kumi hivi ya masafa ya mota na chini ya nusu ya masafa ya swichi. Kwa mota ya 50 Hz na swichi ya 4 kHz, mpaka unaangukia mahali fulani kati ya 500 na 2,000 Hz. Kinachotoka ni wimbi laini linalofanana na umeme wa gridi. Mruko unakwisha, ukali unakwisha, mota inapoa kidogo na ile filimbi inanyamaza. Kwa pampu ya kisimani iliyo chini mita mia tatu, ambayo kuitoa ni kazi ya siku nzima na kreni, hakuna mjadala. Vivyo hivyo pale inverta inapolisha transfoma ya kupandisha volteji, na transfoma inalisha pampu ya mbali; transfoma nayo haipendi mapigo.

Lakini bei yake haiishi dukani. Kwanza, inapoteza asilimia 5 hadi 10 ya volteji ikiwa na mzigo kamili. Mota ya volti 400 inapata 370 hivi, na bado hujahesabu upotevu wa kebo yenyewe. Mota itakayodaiwa nguvu ileile kwa volteji ndogo itavuta ampea zaidi, na ulinzi wake wa mzigo utaanza kulalamika mchana wa joto. Kapasita za filta nazo zinavuta mkondo wao kutoka kwenye inverta, kwa hiyo inverta iliyochaguliwa kwa kubana inaweza kuonekana ndogo ghafla.

Pili, ni kubwa na nzito, mara nyingi haiingii kwenye paneli iliyopo.

Tatu, na hapa ndipo watu huchoma filta mpya, mipangilio. Inverta nyingi hupima mota kwa kutuma mapigo na kusoma mkondo unaorudi, na kapasita za filta zinaivuruga picha hiyo. Kama inverta yako haina mpangilio maalumu wa filta ya saini, tumia udhibiti wa kawaida wa volti kwa hezi, na usikimbilie kujipima kiotomatiki. Kisha tafuta ile hali inayoruhusu inverta kushusha masafa ya swichi yenyewe inapopata joto. Izime. Masafa yakishuka chini ya kiwango cha filta, mapigo yanakaribia ule mpaka wa 500 hadi 2,000 Hz, na filta inaanza kuvuma pamoja nayo badala ya kuyazuia. Kapasita zinavimba. Utasikia kabla ya kuona: sauti ya filta inabadilika, inakuwa nzito.

Kwa mota ya mita 60 hii ni kumwita mganga kwa mafua.

Kifyonzaji cha RC: kidogo, kizuri, kinasahauliwa

Sijui kwa nini watu wengi hawakijui. Ni rezista na kapasita kwa kila fezi, ndani ya kisanduku kinachofungwa kwenye mota yenyewe. Rezista inachaguliwa ilingane na ukinzani wa wimbi wa kebo, tuseme ohmu 80, na kapasita huwa kama maikrofaradi 0.1. Wimbi linapofika halikuti ukuta tena. Linakuta mlango wenye upana uleule wa kebo, linaingia humo na kumezwa. Hakuna mwangwi, hakuna mrundikano. Kilele kinabaki karibu na volteji ya DC.

Uzuri wake mkubwa: kinafuata kebo, hakifuati mota. Filta na riakta huchaguliwa kwa ampea, mota ya ampea 20 na ya ampea 200 zinataka filta tofauti. Kifyonzaji kimoja kinaweza kufaa mota ndogo na kubwa, ilimradi kebo inafanana. Ukiwa na mashine nyingi zilizotawanyika kwenye ukumbi mmoja, kila moja na inverta yake kwenye chumba cha paneli, hilo ni jambo la kufikiria sana.

Ubaya wake: ukali unabaki. Pigo bado linaingia kwenye mota kwa maikrosekunde 0.1, ila halirundikani. Na kina joto lake. Chukua kapasita ya maikrofaradi 0.1, volti 540 na swichi ya 4 kHz: wati 116 hivi kwa kila fezi. Pandisha swichi hadi 8 kHz, joto linakuwa mara mbili. Kisanduku kidogo juu ya mota inayotoa joto lake yenyewe, hiyo si hali ya kupuuza. Na kwa pampu iliyozama hakuna mahali pa kukifunga.

Mota ya kazi ya inverta, na vitu vya bure

Kama unanunua mota mpya, agiza ya kazi ya inverta na mjadala mwingi unakwisha. Kiwango cha Marekani cha NEMA MG 1, sehemu ya 31, kinaitaka mota ya namna hii ivumilie kilele cha mara 3.1 ya volteji yake kwa muda wa kupanda wa maikrosekunde 0.1. Kwa mota ya volti 460 ni takriban 1,430. Upande wa IEC, viwango vya kimataifa, kiwango cha 60034-18-41 kinapanga mota kwa herufi A hadi D kulingana na kilele ni mara ngapi ya volteji ya DC: A ni hadi 1.1, B hadi 1.5, C hadi 2.0, D hadi 2.5. Muulize muuzaji herufi ni ipi. Akikujibu "ni nzuri kwa inverta" bila herufi, hajakujibu.

Usisahau breki. Inverta ikiisimamisha mota yenye mzigo mzito, volteji ya DC hupanda kutoka 540 hadi 700 na zaidi. Mara mbili yake ni 1,400. Mota iliyokuwa salama ikizunguka inapigwa kila inaposimama, na winchi na lifti husimama siku nzima.

Vya bure ni viwili. Kusogeza inverta karibu na mota ndiyo dawa kamili, pale vumbi na maji vinaporuhusu. Kushusha masafa ya swichi kunapunguza idadi ya mapigo, kwa hiyo kunarefusha maisha ya kihami, ingawa urefu wa kilele cha kila pigo haubadiliki. Watu huchanganya idadi ya mapigo na kilele chake.

Na kuna ambavyo havifai kabisa. Kapasita za kurekebisha pawafakta kwenye upande wa mota ni njia ya haraka ya kuua inverta. Vizuia-radi vya kawaida navyo vimetengenezwa kwa pigo la nadra. Ukivipa milioni 345 kwa siku vitachoka mapema, na vikichoka huwaka.

Ningechagua nini

Mita 10 hadi 15, mota mpya yenye herufi C au D: sifungi kitu. Mfumo wa volti 230, hata kwa kebo ndefu kiasi: mara mbili ya 325 ni 650, mota nyingi za kawaida zinavumilia, nami hutumia hela mahali pengine. Mfumo wa volti 690 ni kinyume chake. DC yake ni 930 hadi 975 na mruko unaweza kufika 1,900. Hapo nafunga filta ya dV/dt hata kebo ikiwa ya wastani na mota ikiwa mpya.

Mota ya zamani mita 80, volti 400: filta ya dV/dt. Kama bajeti imegoma kabisa, riakta ya 3% na masafa ya swichi ya chini, huku mwenye mali akijua amenunua nusu ya kinga. Kebo ya mita 400 na mota isiyofikika: filta ya saini, na inverta ya saizi moja juu.

Inverta moja inayolisha mota nne huwachanganya wengi. Jumlisha kebo zote nne. Mita 40 kwa kila mota ni mita 160 machoni pa filta. Filta moja ya dV/dt kwenye inverta, ya ampea za jumla, inatosha ikiwa bamba lake linaruhusu hizo 160.

Jambo moja ambalo hakuna kifaa cha jedwali lile kinachoahidi ni beringi. Mkondo unaopita kwenye beringi na kuzichimba mistari kama bati hutokana na volteji ya pamoja ya fezi zote dhidi ya ardhi, na filta za kawaida, hata ile ya saini, zinashughulikia tofauti kati ya fezi na fezi. Dawa zake ni beringi yenye kihami upande usio wa mzigo, brashi ya kuishusha shafti ardhini, pete za chuma laini zinazovishwa kebo zote tatu pamoja, na kebo yenye ngao iliyofungwa ardhini ncha zote mbili.

Ukishafunga, pima. Mita ya kawaida itakuonyesha volti 390 kabla na 385 baada, na hutajifunza chochote. Unahitaji osiloskopu na probu ya tofauti, ile inayopima kati ya fezi na fezi bila kuunganishwa na ardhi, iliyoandikiwa volti za kutosha. Ukiunga probu ya kawaida utaungua wewe au chombo. Zima, subiri dakika zilizoandikwa kwenye inverta, hakikisha DC imekwisha kwa mita, ndipo uunge kwenye tamino za mota. Washa, kisha tanua muda mpaka uone ukingo mmoja tu, maikrosekunde 2 kwa kila mraba. Bila filta unaona mshale unaopanda hadi juu ya 1,000 na kufuatiwa na mitetemo inayofifia, kama kamba ya gitaa. Kwenye kebo ya mita 100 mitetemo hiyo huwa ya 375 kHz hivi, na ukiigawanya kasi ya wimbi kwa mara nne ya masafa uliyoyasoma unapata urefu halisi wa kebo. Mara mbili nimeambiwa kebo ni ya mita 40, skrini ikasema 90.